Kutoka Blogu hadi Kitabu: Namna ya Kumpendekezea Mtu Kazi ya Mwandishi Uliyemjua Mtandaoni

Kuna waandishi ambao wasomaji wao wa mwanzo hawakuwapata maktabani wala dukani. Waliwapata kwenye blogu, ambako mwandishi aliweka maandiko yake kila wiki au kila siku, bila mhariri na bila malipo, na msomaji akawa anarudi hapo kama mtu anavyorudi kwenye baraza aliyoizoea. Mwandishi wa namna hiyo anapotoa kitabu, wasomaji wake wa zamani hufurahi kwa dhati na hutamani kila mtu akisome. Hapo ndipo pendekezo linapoharibika mara nyingi. Anayependekeza ameishi na sauti ya mwandishi kwa miaka: anaujua utani wake, anaijua familia yake, anakumbuka hata kipindi ambacho mwandishi alinyamaza bila maelezo. Anayepokea pendekezo hufungua ukurasa wa kwanza akiwa hana lolote kati ya hayo, na baada ya kurasa ishirini hujiuliza sifa zile zote zilitokana na nini.

Nimekuwa nikipendekeza vitabu vya aina hii kwa marafiki na katika vikundi vya usomaji, na nimefikia imani kwamba kinachopaswa kupendekezwa ni kitabu chenyewe. Mazoea yako na mwandishi ni mali yako, na hayawezi kuhamishwa kwa maneno. Maelezo yafuatayo yanahusu jinsi ya kulitekeleza jambo hilo.

Jua kitabu kimetokaje kwenye blogu

Kabla ya kumwambia mtu neno lolote, fahamu kitabu kina uhusiano gani na blogu iliyokizaa. Vitabu hivi havifanani, na msomaji asiyeelezwa tofauti hiyo hutarajia kitu ambacho hatakipata.

Vipo vitabu ambavyo ni maandiko yenyewe ya blogu, yaliyopangwa kwa tarehe na kuhaririwa kwa kiasi kidogo. Mfano ulio bora kuliko yote ninayoijua ni Baghdad Burning, kitabu cha mwanamke wa Iraki aliyejiita Riverbend. Alianza blogu yake Agosti 2003, miezi michache baada ya majeshi ya Marekani kuingia Baghdad, akajitambulisha kuwa ni Mwiraki mwenye umri wa miaka 24, na akaandika kwa Kiingereza fasaha kuhusu umeme unaokatika, upungufu wa maji, watu wanaotekwa nyara, na kazi yake ya programu za kompyuta ambayo hakuweza tena kuifanya. Kitabu kilitolewa mwaka 2005 na Feminist Press ya New York, na mwaka huohuo kikapata nafasi ya tatu katika tuzo ya Lettre Ulysses, ambayo ilitolewa kwa uandishi wa habari za kina. Juzuu la pili lilifuata mwaka 2006.

Unapompendekezea mtu kitabu hicho, mwambie waziwazi kwamba ni shajara. Hakina msuko wa riwaya. Mambo yanaingia kwa jinsi yalivyotokea, mengine yanarudiwa, mengine yanaachwa njiani, na mwandishi mwenyewe hajui kesho italeta nini. Hilo la mwisho ndilo linalokipa kitabu nguvu yake. Wanahistoria walioandika baadaye wanajua vita vilikwendaje, ilhali Riverbend anaandika usiku akiwa gizani, akisikiliza milio ya nje na kukisia. Msomaji aliyeelezwa hivyo tangu mwanzo husoma habari za jenereta na za foleni za petroli kwa moyo uliotulia, wakati yule anayengoja kisa kianze huchoka mapema na kukiweka kitabu kando.

Kundi jingine ni la vitabu vilivyoandikwa upya kutokana na mambo yaliyosimuliwa kwenye blogu. Julie Powell alikuwa mfanyakazi wa ofisini huko New York alipoanza, Agosti 2002, kupika mapishi yote 524 ya juzuu la kwanza la Mastering the Art of French Cooking, kitabu maarufu cha Julia Child na wenzake wawili, ndani ya mwaka mmoja na katika jiko dogo la nyumba ya kupanga, huku akieleza mafanikio na maafa yake mtandaoni. Kitabu chake, Julie & Julia, kilitoka mwaka 2005. Mwaka 2006 kilishinda tuzo ya kwanza ya Lulu Blooker, iliyoanzishwa mahususi kwa vitabu vilivyotokana na blogu, na mwaka 2009 ikatoka filamu iliyokitumia kama chanzo chake kimojawapo. Hata hivyo kitabu hicho kinatofautiana sana na blogu. Kinaingia katika ndoa yake, katika uchovu wa kazi asiyoipenda, na kina vipande vya kubuni kuhusu maisha ya Julia Child na mumewe Paul. Anayekitafuta kwa ajili ya mapishi hatayapata, na ni wajibu wa anayependekeza kumwambia hivyo kabla hajatoa fedha zake.

Zipo pia riwaya zilizotolewa sura kwa sura mtandaoni kabla ya kuwa kitabu. Inayojulikana zaidi ni The Martian, kisa cha mwanaanga aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mars, kilichoandikwa na Andy Weir, aliyekuwa mtaalamu wa programu za kompyuta. Aliiweka bure kwenye tovuti yake, na wasomaji wenye ujuzi wa kemia na fizikia wakamwandikia kumsahihisha pale hesabu zilipokwenda kombo. Baadaye waliomba toleo la kusomea kwenye Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, naye akaliuza kwa senti 99 za Marekani. Mchapishaji mkubwa, Crown, aliitoa mwaka 2014. Riwaya ya namna hii haihitaji maelezo mengi, kwa kuwa inajitegemea. Inatosha kumwambia msomaji kwamba kila sura iliandikwa ili mtu arudi kuitafuta inayofuata, na kwamba asiyependa maelezo marefu ya kisayansi atapata taabu.

Kisome tena kana kwamba huijui blogu

Hatua hii hurukwa na wengi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote. Chukua kitabu, soma kurasa thelathini za mwanzo, na kila unapojikuta ukitabasamu au ukiguswa, jiulize ikiwa kilichokugusa kimo kwenye ukurasa au kimo katika kumbukumbu zako. Mwandishi anapomtaja dada yake nawe ukacheka kabla dada hajafanya lolote, kicheko hicho kimetoka kwenye blogu. Mwandishi anapomweleza dada huyo kwa sentensi mbili na mtu yeyote akaweza kumwona mbele yake, hapo kitabu kimefanya kazi yake. Weka alama kwenye sehemu za aina hiyo ya pili tu, kwa sababu ndizo utakazozitaja unapopendekeza.

Baada ya zoezi hilo baadhi ya vitabu vitaonekana dhaifu kuliko ulivyodhani. Andiko la blogu lenye maneno mia nane huishi vizuri peke yake, likisomwa wakati wa mapumziko ya mchana. Maandiko sitini ya namna hiyo yakifuatana ndani ya jalada moja yanaweza kuchosha, maana kila moja lina mlango wake wa kuingilia na kila moja linafunga kwa kishindo kilekile. Ukiona hivyo, usikifiche. Unaweza kumshauri msomaji asome mawili au matatu kwa siku na kukiacha, ushauri ambao umewafaa wengi niliowapa. Unaweza pia kuamua kwamba mwandishi huyu ni mzuri zaidi kwenye blogu, ukapendekeza blogu na kukiacha kitabu. Kufanya hivyo si kumvunjia heshima mwandishi. Anayepotoshwa mara moja na pendekezo la upendeleo hataamini la pili, na mwandishi mwingine anayestahili ndiye atakayekosa msomaji.

Mlinganishe msomaji na kitabu

Swali la kwanza la kumuuliza mtu ni kitabu gani alikimaliza mara ya mwisho, na swali la pili ni kipi alikiacha katikati. La pili hufichua mengi zaidi. Aliyeacha riwaya kwa sababu ilikuwa na maelezo mengi na matukio machache hatafurahia shajara ya vita, lakini anaweza kuimaliza The Martian kwa siku mbili.

Lugha nayo ni jambo la kupimwa kwa uangalifu, kwa kuwa sehemu kubwa ya vitabu hivi iko katika Kiingereza au Kiarabu. Katika hili napenda kukitaja kitabu cha Ghada Abdel Aal, mfamasia wa mji wa Mahalla al-Kubra nchini Misri. Mwaka 2006 alianzisha blogu iliyoitwa Ayza Atgawez, maana yake nataka kuolewa, ambamo alisimulia wachumba waliokuja kumposa mmoja baada ya mwingine, na shinikizo linalomwandama msichana anayekaribia miaka thelathini bila mume. Dar El Shorouk, mchapishaji mashuhuri wa Cairo, alikitoa kama kitabu mwaka 2008, pamoja na vitabu vya wanablogu wengine wawili wa kike, Rehab Bassam na Ghada Mahmoud. Mwaka 2010 ikaonyeshwa tamthilia ya televisheni wakati wa Ramadhani, akiigiza Hend Sabry, na tafsiri ya Kiingereza ikatolewa mwaka huohuo na chapa ya Chuo Kikuu cha Texas.

Kitabu hiki kimeandikwa kwa Kiarabu cha mitaani cha Kimisri, na uchangamfu wake umo humohumo. Kwa hiyo msomaji wa Zanzibar, Mombasa au Muscat aliyejifunza Kiarabu cha madrasa asidhani kwamba kitamteleza kirahisi. Akiwa amezoea tamthilia za Kimisri atakifurahia, na asipozizoea, tafsiri ya Kiingereza itamfaa zaidi. Maudhui hayatamsumbua mtu yeyote wa pwani yetu. Shangazi anayeleta habari za kijana mwenye kazi nzuri, sebule iliyofagiliwa mara mbili, binti anayeletwa na trei ya vinywaji huku akikaguliwa kwa pembe ya jicho: mambo haya msomaji wetu anayajua bila kuelezwa. Nakipendekeza mara kwa mara kwa wanawake wanaosema hawana hamu ya kusoma tena.

Kuna vitabu vinavyohitaji tahadhari ya namna nyingine. Hyperbole and a Half cha Allie Brosh wa Marekani, kilichotoka mwaka 2013 kutokana na blogu ya jina hilohilo, kimejaa michoro ya kuchekesha, na mtu anaweza kukitoa zawadi akidhani ni kitabu cha vichekesho peke yake. Ndani yake zimo sura mbili kuhusu sonona, tena zinafika mpaka kwenye fikra za kutotaka kuishi. Kwa msomaji mmoja sura hizo ni faraja kubwa. Kwa mwingine aliye katika hali ngumu wakati huohuo zinaweza kuwa mzigo. Mweleze mapema, kisha mwachie achague mwenyewe.

Namna ya kuliandika pendekezo lenyewe

Nitachukua kitabu kimoja ili maelezo yasibaki hewani. Teju Cole alizaliwa Marekani na kukulia Lagos. Mwanzoni mwa mwaka 2006, baada ya ziara ya Nigeria, aliendesha blogu kwa muda wa mwezi mmoja hivi, akiweka sura baada ya sura kuhusu kijana anayerudi Lagos kutoka New York. Cassava Republic, kampuni ya uchapishaji ya Nigeria, ikaitoa kazi hiyo mwaka 2007 kwa jina la Every Day Is for the Thief, ikiwa pamoja na picha alizopiga mwandishi mwenyewe. Riwaya yake Open City ilitoka mwaka 2011 na kumletea sifa duniani, kisha mwaka 2014 kile cha kwanza kikachapishwa upya, kikiwa kimerekebishwa, huko Marekani na Uingereza. Ndiyo maana wasomaji wengi wa ng'ambo hukidhania kuwa kitabu chake cha pili.

Kwa mtu ambaye hajawahi kumsikia mwandishi huyo, ningeandika hivi:

"Hiki ni kitabu kifupi kuhusu kijana anayerudi Lagos baada ya kuishi New York kwa miaka mingi. Kinaanza kwenye ofisi ya ubalozi, ambako anaombwa rushwa hata kabla hajapanda ndege, kisha tunapita naye barabarani, sokoni, kwenye jumba la makumbusho lililochakaa, na kwenye vyumba vya intaneti ambamo vijana wanaandika barua za utapeli. Kuna sehemu anamwona mwanamke ndani ya basi la abiria akisoma riwaya ya Michael Ondaatje, na anavyotamani kuzungumza naye ni jambo ambalo kila mpenda vitabu atalielewa. Jina la kitabu limetoka kwenye methali ya Kiyoruba iliyo karibu sana na ile yetu ya siku za mwizi arobaini. Sura ni fupi, na nyingi zinaweza kumalizika ukiwa kwenye daladala. Usitegemee njama wala mwisho wa kushtua. Kama umewahi kurejea nyumbani ukajikuta unahesabu vitu vilivyobadilika, anza nacho wiki hii."

Pendekezo hilo linataja mambo ambayo msomaji atayakuta kwa macho yake, linasema urefu, linaonya kuhusu kisichokuwemo, na linamtaja msomaji linayemkusudia. Blogu haikutajwa hata mara moja, nami nimeiacha kwa makusudi. Asili ya kitabu ni habari tamu kwetu tunaofuatilia mambo haya, lakini kwa mtu mgeni haiongezi sababu ya kusoma, na kwa baadhi ya watu neno blogu bado linamaanisha kazi isiyopitiwa na mtu. Itaje pale tu inapobadilisha namna ya kusoma, kama ilivyo kwa Riverbend, au pale msomaji anapoweza kuonja bure kabla ya kununua.

Kuonja huko ni faida kubwa ambayo vitabu vingi havina, ila kuna utaratibu wake. Usimtumie mtu anwani ya blogu nzima, kwa sababu atafika kwenye andiko la juu kabisa, ambalo huenda ni tangazo au salamu za sikukuu. Mchagulie andiko moja lililo karibu na hali ya kitabu, umtumie kiungo chake moja kwa moja. Blogu ikiwa imefungwa, jaribu kuitafuta kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani inayoendeshwa na Internet Archive ya San Francisco. Nyingi zimo humo, ingawa mara nyingine picha hukosekana.

Jina la mwandishi na ukweli wa habari zake

Waandishi wengi wa blogu walitumia majina ya kubuni, na wengine walikuwa na sababu nzito za kufanya hivyo. Riverbend aliondoka Iraki mwaka 2007 kwenda Syria na familia yake, na andiko lake la mwisho kwenye blogu ni la Aprili 2013. Jina lake halisi hakulitoa. Unapompendekeza, tumia jina alilolichagua na usiongeze makisio kuhusu nasaba yake au mahali alipo, hata kama makisio hayo yanazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp. Alilinda maisha yake kwa jina hilo.

Upande wa pili wa jambo hili ni udanganyifu. Mwaka 2011 blogu iliyodai kuandikwa na mwanamke kijana wa Damascus, ambayo magazeti makubwa yalikuwa yakiinukuu, iligundulika kuwa kazi ya mwanamume wa Kimarekani aliyekuwa akisoma Edinburgh. Hivyo kitabu kinapojitambulisha kama habari za kweli, tazama ni nani aliyekichapisha, ikiwa kuna waandishi wa habari au wahariri waliowasiliana na mwandishi, na ikiwa maandiko ya blogu yaliwekwa tarehe wakati mambo yenyewe yakitokea. Usiporidhika, kipendekeze kama hadithi, useme hivyo.

Waandishi wetu

Blogu za Kiswahili zina historia yake pia. Ndesanjo Macha aliandika Jikomboe wakati ambapo blogu kwa lugha yetu zilikuwa chache mno, na wengi waliofuata walitiwa moyo naye. Profesa Joseph Mbele, Mtanzania aliyefundisha miaka mingi katika chuo cha St. Olaf huko Minnesota, alikuwa na blogu ya Hapa Kwetu, ambayo kwa wasomaji wengi ndiyo iliyowafikisha kwenye vitabu vyake, kikiwemo Changamoto: Insha za Jamii. Fadhy Mtanga alikuwa mwanablogu na mshairi, naye ametupa riwaya za Kizungumkuti na Huba. Nchini Kenya, Jackson Biko alijenga umati wa wasomaji kwa blogu ya Bikozulu, iliyo ya Kiingereza, kabla hajatoa Drunk na Thursdays.

Kuwapendekeza waandishi hawa kunadai kazi ya ziada, ambayo naomba isionwe kuwa ndogo. Vitabu vya Kiswahili vya aina hii huchapishwa nakala chache, mara nyingi kwa fedha za mwandishi mwenyewe, na havipatikani katika kila duka. Pendekezo lisilosema kitabu kinapatikana wapi ni nusu ya pendekezo. Piga simu dukani kwanza. Uliza bei na gharama ya kukituma mkoani kwa basi. Na kama mwandishi anauza mwenyewe kupitia ukurasa wake wa wazi, mwelekeze msomaji huko. Usitume kamwe nakala ya PDF iliyovujishwa, hata ukiombwa na rafiki wa karibu. Mwandishi aliyetupa miaka ya maandiko bure kwenye blogu ana haki ya kulipwa kwa kile kimoja alichokitia bei, na nakala mia moja zinazosambazwa kwenye vikundi vya simu zinaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kitabu chake cha pili kuchapishwa na kubaki kwenye kompyuta.

Kwa msomaji aliyezoea hadithi za mfululizo kwenye simu, zile zinazoishia na neno "itaendelea", anza na riwaya fupi yenye kisa kinachokwenda mbio, na umpe insha baadaye. Kwa mwalimu au mwanafunzi wa chuo, fanya kinyume chake: insha moja ya kurasa nne inaweza kusomwa darasani na kujadiliwa siku hiyohiyo.

Ukishapendekeza, mpe mtu wiki tatu au nne bila kumkumbusha, kisha muulize amefika wapi. Akisema amekiacha, muulize aliishia ukurasa wa ngapi na nini kilikuwa kinaendelea hapo, ukaandike jibu lake pembeni ya jina la kitabu katika orodha yako, ili atakayefuata umwambie kuhusu ukurasa huo kabla hajaufikia.